Karatasi Kabla ya Shoka: Historia ya Msitu wa Karura na Jiji Lililouzunguka

Gari la moshi lilikuwa na tumbo lisiloshiba. Reli kutoka Mombasa ilipofika Nairobi mwishoni mwa Mei 1899, injini zake ziliendeshwa kwa mvuke, na mvuke ule ulichemshwa kwa kuni. Wajenzi wa reli walipiga kambi kwenye uwanda wenye majimaji ambako Wamaasai walikuwa wakinyweshea ng'ombe wao. Wenyewe walipaita Enkare Nairobi, mahali pa maji ya baridi. Upande wa magharibi na kaskazini udongo ulibadilika kuwa mwekundu, nchi ikaanza kupanda migongo kwa migongo kuelekea Ukikuyu, na juu ya migongo hiyo palikuwa na mashamba na misitu ya mitarakwa, mihugu na mizeituni mwitu.

Jiji na msitu walikutana hivyo, mmoja akiwa na njaa na mwingine akiwa chakula. Katika miaka michache kambi ya reli iligeuka mji, na mji ulihitaji mbao za kujengea na kuni za kupikia, mbali na zile zilizotupwa katika tanuri za injini. Wakoloni waliona kwamba kwa mwendo ule miti ingekwisha. Mwaka 1907 wakaanzisha bustani ya miti, ile Arboretum iliyopo hadi leo si mbali na Ikulu, ili kujaribu miti ya kigeni na kuona ni ipi ingestawi. Mikaratusi kutoka Australia ilipendwa kwa sababu hukua upesi na kuwaka vizuri, ikapandwa kwa wingi.

Hili nalitaja mapema kwa sababu tumezoea kuisimulia misitu ya Nairobi kana kwamba kuna mtu aliyeihifadhi kwa mapenzi. Haikuwa hivyo. Ilihifadhiwa kwanza kama ghala la kuni. Mapenzi yalikuja baadaye sana, na waliokuja nayo walipigwa marungu.

Mwaka 1932 serikali ya kikoloni ilichapisha tangazo katika gazeti lake rasmi na kuufanya Karura kuwa msitu wa hifadhi. Ni msitu wa hekta 1,041 hivi, kaskazini mwa jiji, unaopitiwa na mito midogo, wenye maporomoko ya maji na mapango ambayo wazee husimulia kwamba wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake. Msitu wa Ngong Road, upande wa pili wa jiji, ulitangazwa mwaka huo huo.

Tangazo lile lilifanya mambo mawili kwa pigo moja. Lilizuia shoka, na hapo tunalishukuru. Lakini pia liliwapokonya wenyeji ardhi yao. Mtu ambaye babu yake alilima pale na kuomba Mungu chini ya mti wa mugumo wa pale aliamka siku moja akiwa mvamizi kwa sheria. Hakuna mti uliosogezwa wala mpaka uliochimbwa upya. Kilichobadilika ni maneno kwenye karatasi. Jambo hili tulishike vizuri, maana ndiyo kamba ya hadithi yote: katika historia ya Nairobi, karatasi imetangulia shoka kila mara, katika kuokoa na katika kuangamiza.

Mwaka 1948 ulitolewa mpango mkuu wa jiji, uliochorwa na wataalamu kutoka Afrika Kusini kwa ajili ya mji mkuu wa koloni. Nairobi ilikuwa na watu wapatao 119,000. Miaka miwili kabla, mwaka 1946, Mbuga ya Taifa ya Nairobi ilikuwa imefunguliwa, kilomita za mraba 117 za nyika ambako simba hutembea huku mapaa ya nyumba yakionekana kwa mbali. Kwa ramani, lilikuwa jiji la kijani. Kwa miguu, ilitegemea wewe ni nani. Wazungu waliishi magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu na vivuli vya miti. Waafrika waliwekwa mashariki, kwenye udongo mweusi ambao ukinyeshewa hunasa viatu na ukikauka hupasuka. Kivuli kiligawanywa kwa rangi ya ngozi, na mgawanyo huo bado unasomeka ukilitazama jiji kutoka angani.

Uhuru ulipokuja, serikali mpya iliongeza kitu kimoja chenye maana kubwa. Mei 1969 Rais Jomo Kenyatta alifungua bustani ya Uhuru Park pembeni mwa katikati ya jiji, takriban hekta 13 za nyasi, miti na bwawa, bila kiingilio. Sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 509,000 jijini. Kwa familia iliyoishi chumba kimoja Eastlands, huko mashariki mwa jiji, Uhuru Park ilikuwa ndiyo bustani yao. Jumapili watoto walivalishwa nguo safi, wakapandishwa mashua, wakapigwa picha, wakala aiskrimu. Wengi wetu tunayo picha hiyo mahali fulani katika albamu ya nyumbani.

Sasa aingie Wangari Maathai. Alizaliwa mwaka 1940 katika kijiji cha Ihithe, Nyeri. Katika kumbukumbu zake ameeleza jinsi mama yake alivyomkataza kuokota kuni chini ya mugumo, kwa kuwa huo ni mti wa Mungu. Karibu na mugumo ule palikuwa na chemchemi. Miaka mingi baadaye, akiwa amesoma baiolojia Marekani na kupata shahada ya uzamivu mwaka 1971, akiwa mwanamke wa kwanza katika Afrika Mashariki na Kati kufika ngazi hiyo, alielewa kwamba mizizi ya mugumo na maji ya chemchemi vilikuwa jambo moja. Mwiko wa mama ulikuwa elimu ya udongo.

Tarehe 5 Juni 1977, yeye na wanawake wenzake waliandamana hadi uwanja wa Kamukunji wakapanda miti saba, kuwakumbuka watu saba mashuhuri wa jamii mbalimbali za Kenya. Hapo ndipo lilipozaliwa vuguvugu la Green Belt Movement. Kwa miaka kumi na ushee kazi yake ilikuwa ya vijijini: vitalu, miche, wanawake wakilipwa kiasi kidogo kwa kila mche ulioshika. Serikali haikuwa na neno na akina mama wanaopanda miti mashambani. Neno lilikuja walipouliza kuhusu miti ya jiji.

Mwaka 1989 Wangari alipashwa habari kwamba chama tawala kilipanga kujenga ndani ya Uhuru Park jumba la ghorofa 60 lenye ofisi, kumbi, maduka, maegesho ya magari na sanamu kubwa ya Rais Moi. Hakuna mwananchi aliyekuwa ameulizwa. Akaketi na kuandika barua. Aliiandikia ofisi ya Rais, tume ya jiji na mashirika ya Umoja wa Mataifa. Alimwandikia hata balozi wa Uingereza, kwa sababu mfanyabiashara Robert Maxwell wa huko alikuwa mshirika katika mradi, akamuuliza kama Waingereza wangekubali jumba la namna ile lijengwe ndani ya Hyde Park.

Jibu lilikuwa matusi. Bungeni, vuguvugu lake liliitwa kundi la wanawake walioachika. Rais, akihutubia siku ya Jamhuri papo hapo Uhuru Park, alisema wanaopinga mradi wana wadudu kichwani. Green Belt Movement ilifukuzwa kutoka ofisi zake. Wangari alikwenda Mahakama Kuu, na mahakama ikaitupa kesi yake kwa hoja kwamba hakuwa na haki ya kushtaki: bustani haikuwa yake, wala hakuonyesha hasara iliyompata yeye binafsi.

Hoja hiyo itafakari kidogo. Kwa kuwa bustani ni ya wote, basi hakuna hata mmoja anayeweza kuitetea. Kwa sheria ya siku zile, mali ya umma ilikuwa yatima.

Hata hivyo kelele zilikuwa zimewafikia wafadhili wa nje. Wakaanza kuuliza kwa nini nchi inayoomba misaada inataka jumba la mamilioni ya dola. Fedha zikakauka, mradi ukafifia, na mwaka 1992 uzio uliokuwa umewekwa kuzunguka eneo la ujenzi ukang'olewa. Mwaka huo huo kona moja ya bustani ile ikapata jina jipya, Freedom Corner, pale akina mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula wakidai wana wao. Kama jumba lingejengwa, mama hao wangekaa wapi?

Karura ilikuwa vita kubwa zaidi, na adui yake alikuwa kimya zaidi. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Msitu huu ulikuwa na daftari, na ulikuwa ukipotelea ndani ya daftari hilo hilo. Katika miaka ya 1990, takriban hekta 564, zaidi ya nusu ya msitu, ziligawiwa kampuni binafsi 64. Namna ilivyofanyika ilikuja kuelezwa baadaye na tume ya serikali iliyochunguza ugawaji haramu wa ardhi ya umma. Mtu mwenye ukaribu na wakubwa anaunda kampuni. Kampuni inapewa barua ya kugawiwa kipande cha ardhi ya umma kwa malipo madogo. Barua inauzwa kwa bei ya juu, mara nyingi kwa shirika la umma lenye akiba ya wafanyakazi. Hatimiliki inatolewa, inabadilisha mikono, na mwishowe anayeishika anaapa kwamba alinunua kwa haki na kwa nia njema. Hadi hapo hakuna mti hata mmoja ulioguswa. Ndege wangali wanaimba msituni, na msitu umekwisha kuuzwa mara mbili.

Mwaka 1998 matingatinga yaliingia, na ndipo watu wakajua. Wangari na wenzake walikuta miti imeangushwa, barabara imepasuliwa, misingi ya nyumba imeanza kuchimbwa. Wakafanya walichokijua: wakaja na miche. Mapema Oktoba maandamano yaliyowahusisha wabunge wa upinzani yaligeuka ghasia na mitambo ya ujenzi ikateketezwa. Walinzi walipofunga njia, wapanda miti walipita kwenye kinamasi, mahali ambapo hakuna aliyedhani mtu angepita, wakatokea upande wa pili na miche yao mikononi.

Tarehe 8 Januari 1999 walikuja tena, Wangari pamoja na wabunge, waandishi wa habari na marafiki kutoka nje ya nchi. Walikuta kundi la wanaume wapatao 200 langoni, wenye marungu, mapanga, mijeledi na mishale. Wangari aliomba apande mti mmoja tu, nje ya lango. Walipokataliwa na kuanza kushambuliwa, pigo lilimpata kichwani. Alipelekwa kituo cha polisi cha Muthaiga damu ikimtiririka. Polisi hawakwenda kuwakamata waliompiga. Alipotakiwa kutia saini kwenye taarifa ya mashtaka, alichovya kidole kwenye damu yake mwenyewe akaweka alama.

Katika rundo lote la karatasi za Karura, barua za ugawaji, ramani za upimaji na hatimiliki zenye mihuri, hiyo ndiyo ninayoiheshimu.

Habari zikaenea duniani. Makao ya Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa yako Gigiri, ng'ambo tu ya msitu huo, na Katibu Mkuu Kofi Annan akalaani shambulio. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi waliingia barabarani, wakapambana na polisi kwa siku kadhaa, na chuo kikafungwa. Tarehe 16 Agosti 1999 Rais Moi alitangaza kusimamisha ugawaji wote wa ardhi ya umma. Ujenzi Karura ukasimama.

Yaliyofuata hayakuwa na damu, ila yalikuwa na uzito wake. Uchaguzi wa Desemba 2002 uliiondoa serikali ya KANU, chama tawala kile kile. Wangari alichaguliwa kuwa mbunge wa Tetu na kuteuliwa naibu waziri wa mazingira. Tume ile ya kuchunguza ugawaji wa ardhi, iliyoundwa mwaka 2003 chini ya wakili Paul Ndung'u, ilipendekeza hatimiliki zilizotolewa kinyume cha sheria katika ardhi ya umma zifutwe. Mwaka 2004 Wangari alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, mwanamke wa kwanza wa Afrika kuipata. Sheria ya Misitu ya 2005 ilifungua mlango kwa vyama vya jamii kushirikiana na serikali kutunza misitu.

Mlango huo ndio ulioirudisha Karura kwa watu. Kuiokoa kutoka kwa wanyakuzi hakukutosha, kwa kuwa kwa miaka mingi msitu ulikuwa pango la majambazi. Mtu wa Nairobi akiulizwa Karura ni nini alijibu kwa sauti ya chini. Chama cha jamii, Friends of Karura, kiliungana na Shirika la Misitu la Kenya. Uzio wa umeme ukazungushwa, vijana wa vitongoji jirani kama Huruma wakaajiriwa kuwa walinzi wa msitu, na mwaka 2011 malango yakafunguliwa kwa umma. Leo watu hukimbia humo alfajiri, huendesha baiskeli, hutembea na bibi zao hadi kwenye maporomoko. Mbega weusi kwa weupe, waliokuwa wametoweka, walirudishwa kutoka Kipipiri, na sasa ukiinua macho unawaona wakiruka matawi kwa mikia yao mirefu kama mashungi.

Wangari aliaga dunia Septemba mwaka huo huo wa 2011. Alikuwa ameusia asizikwe katika sanduku la mbao, hivyo jeneza lake lilisukwa kwa mianzi, mafunjo na magugumaji. Mazishi ya kitaifa yalianzia Freedom Corner, kwenye nyasi zile ambazo jumba la ghorofa 60 lilitaka kuzifunika.

Mtu wa haki atauliza: na nyumba je? Sensa ya 1999 iliwahesabu watu milioni 2.1 Nairobi, ile ya 2019 milioni 4.4. Watu hao wanahitaji pa kulala, na wanahitaji barabara ya kuwafikisha kazini kabla ya saa mbili. Swali hilo ni halali, na anayelipuuza hajawahi kupanga chumba Pipeline au Mathare. Ila tazama kilichokuwa kikijengwa Karura. Ramani zile hazikuwa za nyumba za mpishi na kondakta. Zilikuwa za viwanja vya kifahari katika kona ambayo tayari ilikuwa na nafasi tele. Mahitaji ya maskini yamekuwa yakitajwa mbele ya tingatinga, na nyumba zikiisha kujengwa maskini hawaonekani ndani yake.

Njia ya kujenga bila kumeza msitu ipo, na Nairobi yenyewe imeionyesha. Barabara ya juu kwa juu ya kilomita 27, ile Nairobi Expressway, ilipopangwa kumega kipande cha Uhuru Park mwaka 2019, wananchi walipiga kelele na mchoro ukabadilishwa. Mwaka 2020, mugumo wa miaka mingi pembeni mwa Waiyaki Way ulitakiwa kung'olewa upishe barabara hiyo hiyo. Watu waliutetea, na mwezi Novemba likatoka agizo kwamba mti ubaki. Barabara ilifunguliwa mwaka 2022 na magari yanapita. Mti nao upo. Wahandisi wana akili ya kutosha kuukwepa mti wakiambiwa kwamba ni lazima.

Si kila mara tumeshinda. Msitu wa Ngong Road, ndugu wa Karura wa mwaka 1932, umebaki chini ya nusu ya ukubwa wake wa mwanzo baada ya kumegwa vipande kwa vipande kwa ajili ya makazi, taasisi na barabara. Reli mpya ya kisasa ilipita katikati ya Mbuga ya Taifa juu ya daraja la kilomita sita hivi, na treni za abiria zikaanza kuitumia Oktoba 2019. Kumbuka tena: reli ndiyo iliyozaa jiji hili, na miaka 120 baadaye reli bado inapitia mahali pa miti na wanyama, kwa sababu ardhi isiyo na nyumba huonekana na wapangaji kama ardhi isiyo na mwenyewe.

Tofauti ya sasa iko kwenye karatasi. Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Inaitaka serikali ifikishe miti kwenye angalau asilimia kumi ya ardhi ya nchi. Na katika kifungu cha 70 inasema anayekwenda mahakamani kutetea haki hiyo hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara. Soma kifungu hicho ukikumbuka hukumu ya 1989. Mwanamke aliyetolewa mahakamani kwa kuwa bustani haikuwa yake alijibiwa baada ya miaka 21 na katiba ya nchi nzima: ni yake, na ni ya kila mtu. Sheria ya misitu ya 2016 nayo inataka pendekezo la kubadilisha mipaka ya msitu wa umma lifike Bungeni. Mwaka 2021 ulipoletwa muswada wa kulegeza kifungu hicho, wananchi waliuona mapema, wakaupinga, na haukupita.

Waliuona mapema. Hapo ndipo ninapotaka tusimame. Wangari hakuiokoa Uhuru Park kwa sababu alikuwa na nguvu kuliko chama tawala. Aliiokoa kwa sababu habari ilimfikia wakati jumba bado lilikuwa mchoro. Karura ilijulikana matingatinga yakiwa yameshaingia, na gharama yake ikawa kichwa kilichopasuliwa. Kati ya mchoro na tingatinga kuna muda, na muda huo ndio raia anaoweza kuutumia.

Gazeti rasmi la serikali hutoka kila wiki, na matangazo ya ardhi na ya tathmini ya mazingira huchapishwa kwa herufi ndogo ambazo wengi wetu tunazifungia nyama. Katika kila mtaa wa Nairobi, hasa huko mashariki ambako udongo ni mweusi na miti ni ya kuhesabu, kuna uwanja wa mpira, ukingo wa mto au kijibustani ambacho hatimiliki yake huenda inaandikwa upya. Apatikane mmoja wa kulisoma tangazo hilo kabla halijafunga nyama, kisha abishe hodi kwa jirani.